Mzigo wa Bukoto

Mchungaji kijana aliyemzika Mama alisema, mbele ya jeneza na mbele yangu, kwamba marehemu aliuacha mji wa Nakuru akaja Kampala kwa sababu aliupenda mji huu kabla hata hajauona. Nusura nisimame. Neema, mdogo wangu, alinikanyaga mguu kwa kisigino, naye anajua kukanyaga. Watu wakaitikia amina. Mama hakuja Kampala kwa mapenzi. Alikuja kwa sababu alisoma neno moja vibaya katika barua ya Baba, na nikisema hivyo najua angekuwa hai angenirekebisha papo hapo: yeye alilisoma sawasawa, Baba ndiye aliyeliandika vibaya. Walibishana juu ya neno hilo mpaka Baba naye akatangulia, na hata baada ya hapo Mama aliendelea kubishana peke yake, akiiambia picha yake ukutani, "Ungeandika chumba. Herufi sita tu."

Haya ninayaandika nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, katika chumba kilekile cha Bukoto alichopanga Baba nikiwa na miaka kumi na mitatu. Ni kiti cha watu watatu, cha mvule, na kando yake vipo viwili vya mtu mmoja mmoja. Neema yuko mlangoni na utepe wa kupimia, anapima kwa mara ya nne kana kwamba mlango utamhurumia. Viti havitoki. Mwenye nyumba anataka chumba chake mwisho wa mwezi, ni haki yake, lakini viti havitoki mlangoni wala dirishani, na sisi wawili tunalijua hilo tangu utoto. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilimsihi Mama ahamie kwangu Kyambogo, nyumba ya vyumba vitatu, choo ndani, maji ya moto. Kila mara alinijibu swali hilohilo: "Na viti?" Nilikuwa naondoka hapa nimekasirika hata naipita nyumba yangu bila kujua. Fundi wa kuvunja ameahidi kuja leo, na mafundi wa Kampala ninavyowajua, ninao muda wa kutosha kueleza mwaka ule wote.

Baba alikuwa ametutangulia Kampala kwa miezi mitano. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, mji ulikuwa unajiinua, na kiwanda kimoja cha mikate kule Kawempe kilikuwa kinatafuta fundi wa matanuri. Baba aliyajua matanuri. Kuandika barua hakujua. Ile iliyotufikia Nakuru ilikuwa na mistari mitatu: "Mama Roda, nimepata mzigo hapa Bukoto, mzuri na mpya kabisa. Njooni kabla shule hazijafunguliwa. Msibebe vitu vingi." Mtu anamwita mke wake nchi nyingine kwa mistari mitatu! Mama aliisoma kwa sauti, akaikunja, akaifunua tena. Sasa, kabla ya kuondoka Baba alikuwa amejisifu wiki nzima kwamba Uganda mbao zote ni mvule mtupu, na kwamba akifika tu atatununulia viti vya maana. Kwa hiyo Mama akajumlisha. Mzigo, mzuri, mpya, msibebe vitu. Baba amenunua samani za nyumba nzima, shehena kamili, na anatungoja. Hata mimi nilielewa hivyo, na nilikuwa nikiongoza darasa katika Kiswahili.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ambacho hakuwahi kujisamehe, ingawa hasira yake aliielekeza kwa mwingine. Aligawa nyumba. Kitanda kikubwa alimpa shangazi. Meza na viti vya mbao laini alivipeleka kanisani, vikabebwa na vijana wa kwaya wakiimba. Kabati, jiko la mafuta, hata kinu, kila kitu kikapata mwenyewe, na Mama akagawa kwa mkono mwepesi kama mtu anayejua anakokwenda. Alichobakiza, mbali na nguo zetu, ni vitambaa vya viti. Alikuwa amevifuma mwenyewe kwa sindano ya kulabu, vyeupe vyenye ukingo wa kijani, na mimi nilimsaidia kufuma kile kirefu cha kiti cha watu watatu. Viti unaweza kumpa mtu, alisema, vitambaa hapana. Akavipanga katika sanduku la bati, akatia na majani ya mwarobaini ili nondo wasiingie, akalifunga kwa kamba ya katani mafundo manne.

Tulifika Bukoto mchana, tumekauka midomo, Neema amelala begani kwangu. Baba alitupokea kituoni akicheka, akajitwika sanduku kichwani, akatuongoza kwenye njia nyembamba kati ya migomba na nyaya za kuanikia nguo mpaka kwenye safu ya milango sita ya rangi ya samawati. Alifungua wa tatu. Ndani kulikuwa na mkeka, jiko la makaa, dumu la maji na misumari miwili iliyobeba mashati yake ya kazi. Mama aliingia, akageuka upande huu, akageuka upande ule, jambo ambalo halikuchukua muda. Akatoka nje akaangalia kama kuna mlango mwingine. Akarudi.

"Baba Roda," alisema kwa upole wa kutisha, "mzigo uko wapi?"

"Mzigo upi?"

"Ule ulioandika. Mzuri. Mpya kabisa."

Baba akazitazama kuta, akamtazama Mama, akaniangalia mimi kana kwamba nina jibu. "Si ndio huu?"

"Upi?"

"Huu. Umesimama ndani yake."

Hapo ndipo tulipomwona mwenye nyumba kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwanamke mnene, amevaa gomesi, vazi la Kiganda lenye mabega yaliyosimama, amejaa mlangoni hata mwanga ukampita kidogo tu. Watu wote walimwita Nnalongo, yaani mama wa mapacha, na ni jina la heshima kwa Waganda, lakini Mama siku ile hakuambiwa hivyo na kwa miezi miwili aliamini ni jina alilopewa kwa sababu ya "ulongo", yaani uongo wake. "Muzigo muzuli," Nnalongo alisema akipiga ukuta kofi. "Simiti mupya. Hapana piga musumali tena, huyu bwana mesha piga mbiri. Funga mulango kira saa. Vua viatu!" Ndivyo tulivyojifunza kwamba Kampala chumba kimoja cha kupanga kinaitwa muzigo, na kwamba Baba, kwa kuulizwa kila siku kiwandani "umepata muzigo wapi," alikuwa amesahau kwamba huko nyumbani neno hilo hubebwa kichwani.

Mama hakupiga kelele. Alikaa juu ya sanduku la bati kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kukalia, akavua viatu kama alivyoamriwa, akatamka hukumu. Sanduku lile halitafunguliwa mpaka aone viti. Anampa Baba mwaka mmoja wa shule kwa sababu karo yangu ilikuwa imekwisha lipwa. Siku shule zitakapofungwa mwezi wa kumi na mbili, kama hakuna viti, atalinyanyua sanduku jinsi lilivyo, na watoto wake wawili, apande basi arudi Nakuru, na Baba abaki na mzigo wake. "Nyumba isiyo na kiti haina mgeni," alisema. "Na nyumba isiyo na mgeni ni stoo. Mimi sikuolewa nikae stoo." Baba akasema wiki ijayo viti vitakuwepo. Nikamwamini. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Wiki ijayo! Nikifa leo maneno hayo mawili yasitajwe kwenye maziko yangu. Baba aliagiza viti kwa seremala mmoja wa kando ya barabara kule Kawempe, karibu na kiwanda, na tangu Machi viti vile vilikuwa "kwenye msasa". Juni vilikuwa "kwenye gundi". Septemba vikaingia "kwenye vanishi" na vikakaa humo kama wagonjwa waliolazwa. Kila Ijumaa Baba alirudi na mikate iliyoungua kingo, ile isiyouzika, na habari njema ya viti. Tulikula mikate ile asubuhi kwa chai, mchana kwa mchuzi wa karanga, na jioni Mama aliikausha juu ya jiko akaisaga kuwa kitu alichokataa kukipa jina. Tulikaa chini, kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, ya Baba ikigusa ukuta huu na sanduku likigusa ule. Kitanda cha kamba alichokipata Baba kilikuwa kinasimamishwa ukutani mchana ili tupate pa kupita. Mgeni akibisha hodi, Mama alitoka nje akasimama naye kwenye ukumbi wa mbele, akafunga mlango nyuma yake, akasema chumba kinadekiwa. Kwa mwaka mzima chumba kile kilidekiwa kuliko hospitali yoyote.

Na lile neno lilitufuata. Siku moja Baba aliacha furushi la ovaroli zake kwenye duka la jirani, akanituma nikalichukue. Nikamwambia mwenye duka, kwa adabu zote, kwamba nimekuja kuchukua mzigo wa Baba. Akaniuliza kiasi gani. Nikasema wote. Akachukua jani la mgomba, akachota samli kwenye debe mpaka jani likaelemewa, akanikabidhi, akaandika jina la Baba, kwa maana kwa Kiganda neno hilohilo ni samli pia. Nilipoifikisha nyumbani Mama aliitazama samli, akamtazama Baba. "Kumbe tunalala ndani ya mzigo, tunakula mzigo, na viti ambavyo ndivyo mzigo wenyewe havipo," alisema. Baba akacheka. Lilikuwa kosa kubwa kucheka.

Kuta za safu ile hazikufika kwenye bati. Juu palikuwa na nafasi ya kiganja ambamo maneno yote yalipita bila kubisha hodi. Upande wa kushoto alipanga Mama Furaha, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, mjane, mlokole, mwenye sauti ya kengele. Wageni wake walikuwa hawaishi. Walikaa chini kumi, kumi na watano, katika chumba sawasawa na chetu, wakaimba, wakala sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, wakacheka, na Mama upande wetu akawa anafua kwa hasira. Jumapili moja mchana Mama Furaha alimwita kupitia ile nafasi ya juu, bila hata kunyanyuka.

"Mama Roda! Kuya tule. Juu ya nini unajifunga kama uko mu gereza?"

"Asante, Mama Furaha. Siku nyingine. Sina kiti cha kukualika nawe."

"Kiti njo nini? Miye nilikuyaka hapa na kitenge moya tu, bitoto bitatu nyuma. Mungu anaikala mbinguni, lakini mutu anaikala popote."

Mama akanong'ona kwamba mtu asiyejua thamani ya kiti hawezi kumfundisha theolojia. Mimi nilitaka sombe. Nilitaka kupita juu ya ule ukuta niangukie katikati ya kile kicheko, na nilimchukia Mama kwa muda wa kama saa moja, nalisema hapa kwa sababu hatanisikia. Nilimchukia Baba pia, kwa vanishi yake.

Lakini adui mkubwa wa Mama hakuwa Baba. Alikuwa Nnalongo. Mama alikuwa amefundisha Kiswahili shule ya Jumapili kwa miaka tisa. Alisema "naomba", alisema "tafadhali", alisema "niwie radhi" hata kwa kuku aliyemkanyaga. Nnalongo alizungumza Kiswahili kana kwamba kila sentensi ni jiwe anakurushia. Toa sufulia hapa! Zima taa! Leta kifunguo! Nyamaza kerere! Simama! Hapakuwa na habari za asubuhi, hapakuwa na samahani. Mwanamke alikuwa anafungua mlango wetu bila hodi ili kuhakikisha kwamba unafungika. Mlango ndio ulikuwa kichaa chake. Alipita safu nzima jioni, kabla ya giza, akisukuma kila mlango kwa kiganja, akikagua komeo, akipapasa fremu, na ole wake aliyeegesha baiskeli kwenye mlango wa Nnalongo. Mama alihesabu matusi hayo yote. "Mtu mzima mimi," alimwambia Baba, "nimezaa, nimezika wazazi, naambiwa vua, naambiwa toa. Hata mbwa huitwa jina kwanza."

Ilikuwa Novemba, siku ya mvua, wiki tatu kabla ya shule kufungwa. Nnalongo alikuwa amempita Mama akikoka moto ukumbini, akasema "Hama!" kwa sababu moshi ulikuwa unaingia kwake. Neno moja, basi. Mama aliweka kipepeo cha moto chini. Alijifunga leso kiunoni, akanishika mkono na mimi nikamshika Neema, tukavuka ua kwenye matope mpaka kwa Nnalongo, ambaye alikuwa kwenye mkeka wake anamenya matoke. Mama alikuja kutoa notisi ya chumba, na kabla ya notisi alitaka haki yake.

"Nnalongo, mimi na wewe ni watu wazima. Mwezi ujao naondoka na watoto wangu. Lakini kabla sijaenda naomba uniambie, nimekukosea nini hata unanisemesha kama mfungwa?"

Nnalongo alimenya ndizi ile mpaka mwisho, akaitia kwenye beseni la maji. Nilidhani hakuelewa.

"Mama Loda," alisema, "mimi hapana jua ingine. Hii Kiswahili hapana soma shule. Napata kwa lodibuloka." Alimaanisha vile vizuizi vya askari barabarani, siku za vita. "Kira siku napita na matoke yangu kwa kichwa. Askari nasema, simama. Toa. Fungua. Leta. Lala chini. Toka. Mimi nashika hiyo, hapana sema, nakufa. Hiyo tafazali yako, nani nafundisha mimi? Kwa lodibuloka hapana kuwa na tafazali."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Askari nakuja kwa nyumba yangu, nasema fungua, mimi nafungua. Nabeba viti, nabeba kitanda, nabeba sufulia. Sawa. Halafu natoa mulango. Mulango, Mama Loda! Na flemu yake. Mimi nalala mwezi mbiri na mapacha yangu, nyumba hapana mulango, nashika panga." Akachukua ndizi nyingine. "Wewe nasema mimi napenda mulango sana. Ndiyo. Napenda."

Tulirudi tukiwa tumelowa. Mama alikaa juu ya sanduku muda mrefu, kipepeo mkononi, moto umezimika. Alikuwa analia, na alikuwa amekasirika kwamba analia. Kwa miezi kumi na moja alikuwa amemwekea yule mwanamke hesabu ya amri, kumbe zilikuwa amri alizopigiwa mwenyewe, ndiyo akiba yote ya lugha aliyokuwa nayo, na alikuwa akitugawia hiyohiyo kwa sababu hakuwa na nyingine. Hilo la mwisho Mama aliniambia baadaye sana, nikiwa mtu mzima. Siku ile alisema tu, "Roda, kesho nikumbushe nimfundishe tafadhali." Na akamfundisha. Matokeo yake yalikuwa mabaya kuliko mwanzo. Nnalongo alilipenda neno lile, akalipachika popote lilipoingia: "Zima taa tafazali sasa hivi!" "Tafazali toka!" Mama Furaha alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini notisi haikufutwa. Huruma ni huruma na kiti ni kiti. Mama alikuwa ameshapanga safari ya Jumamosi, siku moja baada ya shule kufungwa, na Baba alikuwa ameacha kusema wiki ijayo. Alikuwa amenyamaza kabisa, na kumwona Baba kimya kulinitisha kuliko kitu chochote mwaka ule. Sikutaka kurudi Nakuru kwa shangazi kulala kwenye kitanda tulichompa. Sikutaka Baba abaki peke yake na mashati yake mawili kwenye misumari. Nilikuwa naitazama ile kamba ya katani kila ninapoamka. Haikuwa imeguswa hata fundo moja.

Ijumaa mchana nilirudi shule na ripoti yangu, nikakuta pikapu imeziba njia ya migomba na safu nzima iko nje. Viti vilikuwa vimekuja. Sijui Baba alimfanya nini yule seremala, nadhani alikwenda akakaa juu yake. Vilikuwa vizuri, Mungu wangu, vya mvule wa rangi ya chai nzito, vimenyooka, vina mikono mipana ya kuwekea kikombe. Mama alikuwa amesimama mbali, mikono imefungwa kifuani, uso hausemi. Wanaume wanne walikinyanyua kile cha watu watatu, wakakisogeza mlangoni, kikagonga. Wakakiinamisha, kikagonga. Wakakisimamisha wima, wakakilaza ubavu, wakatoa mlango kwenye bawaba, wakajaribu mgongo kwanza, wakajaribu miguu kwanza. Kikagonga. Vile vidogo navyo vikagonga. Dirisha lilikuwa na vyuma. Baba akauliza kama miguu inafunguka, na seremala akasema kwa fahari kwamba hajatumia skrubu hata moja, ni gundi na ulimi wa mbao, kazi ya miaka mia.

"Mimi nilipewa kipimo," seremala akajitetea. "Nilitengeneza kama kipimo."

"Kipimo cha nini?" Mama aliuliza. Ilikuwa sauti yake ya kwanza mchana ule.

Baba akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Ukweli ni kwamba mwezi wa pili, bombani, Baba alikuwa ameniuliza kwa siri kile kitambaa kirefu kina urefu gani, kwa sababu sanduku lilikuwa limefungwa na hakuthubutu kulifungua. Nami nilinyoosha mikono yangu yote miwili, nikasema hivi, na kidogo. Akachukua kamba, akaipima mikono yangu, akafunga fundo, akaenda nayo Kawempe. Alipima kitambaa. Hakuna mtu aliyepima mlango.

Mama alianza kucheka, lakini kilikuwa kicheko kibaya, kile kinachokuja badala ya kitu kingine. Akageuka aende ndani kulichukua sanduku. Ndipo Nnalongo alipopita katikati ya watu. Alipapasa mkono wa kiti kwa kiganja chake, polepole, kama alivyokuwa anapapasa milango. "Muvule," alisema. "Yangu nakuwa muvule." Akaitazama fremu ya mlango wetu, ile aliyokuwa anaikagua kila jioni, akamgeukia seremala.

"Leta nyundo. Toa flemu."

Baba alishtuka. "Nnalongo, ukuta wako. Mlango wako."

"Toa," Nnalongo alisema. Kisha akakumbuka. "Tafazali."

Walivunja. Matofali manne yaling'oka upande wa kulia pamoja na simenti mpya, fremu ikatoka nzima, na Nnalongo alisimama pale akiangalia tundu lile bila kupepesa. Sidhani kuna aliyejua kilichokuwa kinapita kichwani mwake isipokuwa Mama na mimi. Viti vikaingia, kimoja, viwili, vitatu, na chumba kikaisha. Hapakuwa na pa kukanyaga. Sanduku la bati lilikuwa limebanwa kati ya kiti kirefu na ukuta, na Mama alikuwa juu yake, amepiga magoti, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuwa humo ndani.

Nnalongo akainama kwenye lile tundu. "Fungua sanduku," akaamuru.

Mama alifungua. Mafundo mawili yalikuwa yamekauka, akayauma kwa meno. Harufu ya mwarobaini ikatoka, ikatufikia mpaka nje. Alitandika vile vidogo kwanza, mikononi na mgongoni, akavinyoosha kwa kiganja, kisha akanirushia ncha moja ya kile kirefu, tukakivuta, kikalala juu ya mgongo wa kiti kutoka ukingo hadi ukingo, hakikuzidi wala hakikupungua. Baba alijifuta uso kwa shati. Mama Furaha alipiga vigelegele. Mama akamtazama Nnalongo aliyekuwa bado amesimama nje kwenye vumbi la ukuta wake mwenyewe, na yule mwalimu wa tafadhali na naomba akanyoosha kidole kwenye kiti kile kirefu.

"Kaa," alimwambia.

Nnalongo akapita tunduni, akakaa. Alikuwa mgeni wetu wa kwanza. Jumatatu yake fundi wa mawe aliirudisha fremu na matofali manne, akaziba kwa simenti, viti vikawa vimefungiwa ndani mpaka leo. Nnalongo mwenyewe alikuja kuvikalia kila alasiri kwa miaka mingi, mpaka miguu ikamkataa.

Fundi wetu amefika. Nakato, binti yake Nnalongo, mmoja wa wale mapacha, ndiye mwenye safu sasa, na amemruhusu auvunje ukuta, mradi aujenge kama ulivyokuwa. Neema ameniuliza kama nimepima mlango wa nyumba yangu Kyambogo. Sijapima. Ameniangalia kwa macho ya Mama kabisa, nikaona ni afadhali niendelee kuandika.

Jumamosi ile, ile ya basi, tuliamka tukanywa chai na mkate ulioungua, tumekaa vitini, na hakuna aliyeitaja Nakuru. Nilingoja Mama aseme. Niliendelea kungoja mwaka uliofuata, na uliofuata huo. Lakini Mama hakuwahi kutamka kwamba tutakaa Kampala. Neno hilo la kukaa alilisema mara moja tu, na alikuwa anamwambia mwenye nyumba.